Wiki Niliyofanya Kazi ya Ukuta

Vijana wangu, najua mnanicheka. Nawaona mnavyobonyeza simu mara chache huku mnakunywa soda, kisha mmoja anatangaza kwamba amekwisha kupanga safari ya wiki nzima kisiwani: ndege, hoteli, hata aina ya mto wa kulalia. Halafu mnanigeukia na kuuliza kwa sauti ya huruma, "Hajjat, nyinyi zamani mlikuwa mnafanya nini hasa kutwa nzima ofisini?" Swali hilo lilikuwa likiniudhi. Sasa nimestaafu, nina muda wa kulijibu, na nyinyi hamna pa kukimbilia maana chai mnayokunywa ni yangu.

Tulikuwa tunauliza maswali. Hiyo ndiyo kazi, yote. Ofisi yetu ya kupanga safari ilikuwa Jinja, barabara kuu, ghorofani juu ya duka la vitambaa, na mwenye ofisi aliitwa Bwana Kishor, Mhindi wa Jinja hii hii, anayezungumza Kisoga kunishinda mimi. Aliniajiri kwa sababu sisi Wanubi Kiswahili tumezaliwa nacho. Wakati huo majirani zetu wengi walikuwa bado wanakisikia wanatafuta pa kujificha, wakikumbuka askari waliowaamrisha kwa lugha hiyo. Bwana Kishor alitaka mtu wa kuongea na hoteli za Zanzibar kwenye simu. Siku yangu ya kwanza nikapiga simu, nikajitambulisha, nikasema ninachotaka kwa Kiswahili changu cha babu yangu aliyekuwa jeshini. Bwana aliyepokea kule Zanzibar akauliza, kwa adabu zote za dunia, kama naomba chumba au natoa amri.

Bwana Kishor alicheka mpaka akavua miwani. Baadaye akanikalisha akanipa somo ambalo hadi leo sijaona simu inayolijua. Akasema, "Zamzam, mteja akiingia usimwulize anakwenda wapi. Mwulize anakwenda na nani, na kati yao nani hakai na nani. Kisiwa hakina matatizo. Matatizo yanapanda ndege na tiketi yao."

Sikumwelewa. Nilikuwa kijana, nilidhani safari ni picha za mchanga mweupe. Nikampangia mfanyabiashara mmoja wa Buwenge na mkewe wiki nzima Zanzibar katikati ya masika. Bei ilikuwa nzuri, nikajipongeza, sikujiuliza kwa nini hoteli nzima ni tupu. Mvua haikukatika. Mume alirudi akapanda ngazi zetu kwa kishindo, akasema kama angetaka kukaa chumbani akitazama maji yakimwagika, nyumbani kwake bati linavuja vizuri tu. Nilikuwa tayari kulia. Kumbe mkewe yuko nyuma yake, anatabasamu. "We mama, usijali," akaniambia. "Simu yake iliingia maji siku ya kwanza. Wiki nzima ye alikuwa anaongea na mimi." Mwaka uliofuata yule mama alikuja peke yake, akanong'ona kuuliza tena ni mwezi gani huko mvua inanyesha.

Basi nikaanza kujifunza. Nilijifunza kutopanga jambo lolote siku ya kufika, maana mtu aliyeshuka kwenye ndege kwa mara ya kwanza hataki kuona makumbusho, anataka kukaa chini asimulie. Nilijifunza kumwuliza kila mmoja kuhusu cheti cha chanjo ya homa ya manjano kabla ya kumwuliza jina. Nikajifunza pia kwamba mtu wa huku akifika katikati ya wiki bila matoke huanza kuwa mkali, anagombana na mkewe, anasema bahari ina kelele. Huyo haumwi. Mpeni ndizi za kupika.

Lakini somo la Bwana Kishor lilinifika barabara nilipokuwa mzee tayari, karibu nistaafu, nikiwa nimehamishiwa ofisi yetu ndogo ya Mbale. Wakati huo kompyuta ilikuwa imeshachukua kazi nusu.

Aliingia muuguzi mmoja anaitwa Khainza. Alikuwa amepata kazi nchi ya baridi, mbali, na angeondoka na mumewe, Isabirye, seremala wa Budondo. Walikuwa wanaishi Jinja. Kabla ya kuondoka alitaka wiki moja kisiwani, yeye na mumewe na mama yake mzazi anayelima Nakaloke, nje kidogo ya Mbale. Nikamwuliza lile swali: nani hakai na nani?

Khainza akainama. "Hajjat, si unajua. Mama na Isabirye."

Nilijua. Nyinyi wa mjini mnajifanya mmesahau, lakini kuanzia Busoga mpaka mlimani Bugisu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima, na anayeivunja wanasema atapata ugonjwa wa kutetemeka. Sisi Wanubi tunaheshimu wakwe lakini hatukimbii. Ila nimeishi huku maisha yangu yote, na sijawahi kumcheka mtu anayeingia migombani.

"Sasa kwa nini uwapeleke pamoja?" nikauliza.

Akanieleza, na hapa ndipo mzaha ulipokwisha. Mama alikuwa hajaridhia waondoke. Hakugomba wala hakupiga kelele, alikuwa tu hasemi neno la baraka. Na Khainza alikuwa ameamua kwamba mama asiporidhia, yeye haendi, kazi na iende kwa mwingine.

Nilikwenda Nakaloke mwenyewe nikamkuta mama anapalilia maharage. Nikamwuliza ana nini na Isabirye.

"Mi sina kitu na ye," akasema. "Ndiyo shida yenyewe! Ye ameoa mutoto wangu, mi sijui hata sauti yake. Hapa mutoto akigonjwa, iko mi, iko dada yake, iko jirani. Kule iko nani? Iko ye tu. We unaweza kupatia mutu usiyejua mutoto wako apeleke kwa barafu?"

Nikamwambia ndiyo maana ya safari, apate kumjua.

"Nitajua ye namna gani na sitaki kumuona?" Akafikiri. "Na hiyo kisiwa, Hajjat, si iko na maji kila upande? Nikikutana na ye nitakimbilia wapi?"

Tulizungumza mpaka jua likapanda. Mwisho akatoa sharti. Atakwenda, ila mimi niende naye, nikae katikati. "We utakuwa ukuta," akasema. Nilipomweleza Bwana Kishor kwenye simu, alisema katika biashara yake yote hajawahi kupeleka ukuta Zanzibar, lakini nichukue likizo, aone utafikaje.

Nilipanga safari ile kuliko zote nilizopanga. Kwenye gari la kukodi, mama nyuma kabisa, Isabirye mbele kwa dereva, mimi na Khainza katikati. Tulipomchukua Isabirye pale Jinja, akagundua kwamba kioo cha dereva kinamwonyesha viti vya nyuma. Alisafiri hadi Entebbe shingo imepinda upande wa dirisha. Kushuka, shingo ikakataa kurudi.

Kompyuta nayo ilikuwa imetufanyia wema wake. Ilisoma kwamba ni watu wa familia moja, ikawapa mama na mkwe viti vya kugusana mabega. Nikamweleza binti wa uwanja wa ndege kwa sauti ya chini. Yeye akasahau sauti ya chini. "Mukwe? Na mama mukwe? Kiti na kiti?" Akaita mwenzake, mwenzake akaita msimamizi, wakahamisha watu mpaka nusu ya ndege ikawa imekaa upya. Mzungu mmoja aliyehamishwa aliuliza kama kuna hatari. Msimamizi akamwambia, "Ilikuwepo, bwana. Sasa imekwisha."

Kwenye forodha ya Zanzibar wakafungua begi la mama wakakuta malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na mkebe wa karanga za kusaga. Ofisa alinusa, akauliza ni dawa ya nini. Mama akamtazama kwa huruma akamwambia ni mboga.

Hotelini ndipo nilipotaka kulia. Katika barua yangu nilikuwa nimeandika kwamba hii ni safari muhimu sana ya kifamilia, naomba wawatunze. Meneja, Bwana Makame, alikuwa ametutunza. Alitupa bure nyumba yao kubwa kuliko zote, vyumba vinavyotazamana, sebule moja, bafu moja, na meza moja imepambwa maua, viti viwili vimesogezwa karibu karibu, kimoja kimeandikwa "Mama", kingine "Mkwe". Alisimama mlangoni anang'aa. Mama yuko nyuma ya mwavuli wa ufukweni, Isabirye ameugeukia mnazi.

"Bwana Makame," nikasema, "Mungu akulipe. Lakini hawa wawili hawawezi kuonana."

"Wamegombana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

Akanitazama. "Hajjat, wewe ni mtu wa dini. Mama mkwe si ni maharimu wake? Hana tofauti na mama mzazi."

"Kwa sheria, ndiyo. Kwa Nakaloke hapana. Watatetemeka."

"Nani?"

"Wote."

Alikuwa mwungwana, akaacha kuuliza. Mimi na mama tukahamia kibanda kidogo mwisho wa bustani, nyumba kubwa wakabaki nayo wenye ndoa, na ufuko nikaugawa: asubuhi ni wa mama, baada ya adhuhuri ni wa Isabirye. Wakikaribia kukutana, mimi nakohoa, na yeyote anayesikia anageuka. Nilikohoa mno. Wageni wengine wakaanza kuhama meza yangu, na Bwana Makame akawa ananiletea chai ya tangawizi kila nikikaa.

Jioni mama ananituma. Mimi na yeye upande huu wa ua wa makuti, Isabirye na mkewe upande ule, na maneno yote yanapita kwangu.

"Uliza ye anajua kupika?"

Nikazunguka ua. Isabirye akakuna kichwa. "Ambia mama mi naweza kaanga mayai."

Sasa sikieni. Ukuta haufai kuongeza maneno. Lakini nilimwonea huruma, nikarudi nikasema, "Anapika vizuri tu." Mama akafungua begi, akanipa fungu la malewa. "Basi apike."

Maskini Isabirye. Msoga wa Budondo, hajapata kushika malewa maishani. Alishinda jikoni mwa hoteli, mpishi mkuu amesimama pembeni anatazama kwa mashaka, Khainza kakatazwa kuingia. Alisahau kuyaroweka. Nililiona sufuria lile nikajuta. Mama alitafuna kipande kimoja muda mrefu, mpaka nikadhani amelala.

"Huyu hajui kupika," akasema. Kisha akatafuna kingine. "Lakini ametumia muda wake wote."

Nikadhani tumeanza kufika. Hatukufika. Siku zilikuwa zinakwenda, na kila nikimwuliza kuhusu baraka, mama anasema kukaanga mayai si jibu. Mutoto akianguka kule, je? Isabirye naye ni mtu wa maneno machache. Kwa kila swali alijibu "nitajaribu", na neno hilo halimlazi mama usingizi. Khainza alikonda katikati ya wiki, na chakula kilikuwa kingi. Alifikia kuniambia nimwandikie mwajiri kwamba amekataa. Nilimwambia angoje kidogo, ila moyoni niliona amesema kweli. Iliniuma. Nimewapeleka watu wengi kisiwani warudi wamechomwa na jua, sikuwahi kumpeleka mtu arudi amepoteza bahati yake.

Kitu pekee kilichomfurahisha mama ni wale wanawake wanaopanda mwani. Upande ule maji yakitoka yanakwenda mbali kabisa, na wanawake wanatembea nayo mpaka kwenye mashamba yao ya vijiti na kamba. "Hajjat, wanalima bahari!" aliniita siku ile ya kwanza, kama mtu aliyekuta ndugu. Akawa anakwenda nao kila asubuhi, wanafundishana kufunga mafundo kwa Kiswahili ambacho kila upande uliona cha mwenzake ni cha ajabu.

Mchana mmoja karibu na mwisho wa wiki, mimi na Khainza tulikuwa jikoni kwa mpishi tunakunywa chai. Niliamini mama amesharudi kibandani. Kumbe wenzake walirudi na magunia yao, yeye akabaki nyuma kumalizia mstari. Alipoanza kurudi, akainua macho akamwona Isabirye ufukweni, maana ni zamu yake. Basi akasimama kule kule, angoje mkwe aondoke.

Isabirye naye alimwona. Mtu mwenye adabu hamkodolei macho mama mkwe, kwa hiyo akageuka akampa mgongo, akasimama kimya, angoje mama apite.

Na ukuta uko jikoni unakunywa chai.

Hivyo ndivyo walivyosimama, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na bahari inarudi. Pale maji hayaji kwa mbele tu kama mnavyodhani. Hujaza kwanza mabonde yaliyo karibu na ufuko, na aliyeko mbali anakuta njia imekwisha mbele yake. Mmoja wa wale wanawake wa mwani ndiye aliyekuja anapiga kelele. Nilitoka mbio, viatu nikaviacha jikoni. Mama alikuwa kwenye fungu la mchanga, maji magotini, na kati yake na sisi kuna maji ya kifua.

"Isabirye, nenda!" nikapiga kelele. Hapakuwa na haja tena ya kukohoa.

Aligeuka kidogo, akaona, akageuka tena. Mikono inamtetemeka kweli. "Hajjat, siwezi gusa mama!"

Na mama kule, maji yanapanda, anapiga kelele, "Asinikaribie! Ambia ye asinikaribie!"

Khainza akaanza kwenda mwenyewe, na hajui kuogelea. Isabirye akamzuia kwa mkono mmoja. "Nipe leso," akasema. Akaniambia na mimi, "Hajjat, na yako." Akazifunga ncha kwa ncha, akavuta fundo kwa nguvu kulijaribu. Kisha akaingia baharini kinyumenyume.

Naapa mbele yenu. Alitembea kwa kisogo ndani ya maji yale, uso kwetu sisi, na mimi ufukweni naongoza kama mtu anayeegesha lori sokoni. "Kushoto! Hapo kuna shimo, rudi! Nyuma, nyuma, nyuma! Simama!" Maji yalimfika kifuani. Akarusha ncha ya leso juu ya bega bila kutazama. Ilianguka majini. Akaivuta, akarusha tena, ikaanguka tena. Mara ya tatu mama akaidaka.

Ndipo akaanza kurudi, yeye mbele, mama nyuma, leso imenyooka kati yao. Hakuharakisha. Alikuwa anapapasa chini kwa mguu kwanza, maana kuna miiba ya bahari, kisha ndipo anahamia. Katikati ya lile bonde mama aliteleza akazama mpaka kichwa, Khainza akapiga ukelele. Isabirye hakugeuka. Aliizungusha leso mkononi mara mbili, akajikita, akasimama na mawimbi yanampiga mgongoni, mpaka akasikia imevutika tena, ndipo akainua mguu. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na bado napiga kelele "kulia kidogo."

Walipofika mchangani aliachia ncha yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye miti bila kugeuka, akakaa chini. Mama akakaa pale pale mchangani. Khainza hakujua akimbilie upande upi, akaishia kukaa karibu nami. Bwana Makame alikuja na taulo, akatutazama wote wanne, akaenda kuleta tangawizi.

Mama hakulizungumzia jambo lile kisiwani. Hakulizungumzia ndani ya ndege wala Entebbe. Nilianza kudhani mambo ni yale yale, na Khainza hakuniuliza tena kuhusu barua kwa mwajiri. Nilijua anangoja tu tufike.

Gari lilisimama Jinja kuwashusha yeye na mumewe, mimi na mama tuendelee Mbale. Isabirye alishusha mizigo, akasimama kando ya barabara, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa duka, karibu na dirisha letu kiasi kwamba ningeweza kumgusa bega. Mama akajifunika uso kwa leso.

"Hajjat," akasema.

"Naam, mama."

"Ambia ye, kule anapeleka mutoto wangu, atembee vile alitembea kwa maji. Polepole. Na mutoto akianguka, asimame, angoje ye."

Nikatoa kichwa dirishani nikayasema yote, neno kwa neno, bila kuongeza. Isabirye aliyekuwa ameshayasikia akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ambia mama nimesikia," akasema.

Nikarudisha kichwa ndani. "Anasema amesikia."

Khainza alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Basi," akasema mama, "waende."